Mlango Uliosimamisha Sala

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu Sabato ya watu kwa adabu nzuri kabisa.

Vita vilikuwa vimekwisha, barabara za Kampala bado zilikuwa na mashimo ya kumeza ng'ombe na pembe zake, na mimi, Mluhya niliyevuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya na begi moja, nilikuwa nimehitimu shule ya usiku pale Old Kampala. Msicheke, vijana. Kwa cheti kile nilijiona naweza kuendesha wizara mbili kwa mkono mmoja. Nikaajiriwa kutunza chumba cha sala cha Wayahudi, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Wengi hawajui kwamba Uganda ina Wayahudi wake, watu wa milima ya mashariki. Rabi wetu, yaani mwalimu wao na mwamuzi wa sheria yao, alikuwa mmoja wao. Baba yake alikuwa polisi, naye akakulia kambini, ndiyo maana Kiswahili chake kilinyooka kama mstari wa gwaride. Siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na bunduki. Ukimwamkia mtu barabarani "habari," anainua mikono juu.

Basi Jumamosi hiyo asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Rabi akanijia polepole.

"Bwana Wafula, humu ndani kuna giza."

"Kweli, Rabi."

"Giza nene."

"Nene sana, Rabi. Kama tumbo la kiboko."

Akanitazama. Nikatabasamu. Watu wakasali kwa kupapasa, na mzee mmoja akaisalimia nguzo kwa heshima zote, akaiuliza hali ya watoto.

Jioni, Sabato ilipokwisha, Rabi alinikalisha. "Siku hii hatuwashi taa, hatubebi mizigo nje, hatujengi wala kutengeneza. Na siwezi kukuamuru wewe unifanyie. Lakini wewe ni Mkristo, hukufungwa na agano letu. Ukiona giza linakusumbua wewe mwenyewe, ukawasha, hiyo ni taa yako."

"Sasa nitajuaje, Rabi?"

"Una masikio. Na una shule ya usiku."

Hiyo ndiyo fani niliyoifanya mpaka mvi zikanikuta: kusikia kidokezo. Mnaona ni kazi ndogo? Mwezi wa kwanza nilizima feni kwa sababu mtu alikohoa. Baadaye nikawa bingwa. Rabi akivuta pumzi tu, mimi tayari nimefika kwenye swichi.

Siku za kawaida kazi ilikuwa nyingine. Rabi hakuwa mtu wa kukaa na vitabu tu. Ijumaa asubuhi tulishuka Kalerwe, sokoni, ambako baadhi ya waumini wake waliuza viazi na nyanya. Alikuwa amewafundisha desturi waliyoiita pembe. Zamani mkulima wa Kiyahudi aliacha pembe moja ya shamba bila kuvuna, maskini aje avune mwenyewe bila kuomba. "Ninyi hamna shamba," aliwaambia, "mna fungu. Fungu nalo lina pembe." Basi kila mmoja alitenga kona ya meza yake, na mwenye njaa alichukua bila kuulizwa jina. Rabi alipita kukagua pembe hizo kama afisa wa afya. Pembe ikiwa na viazi vilivyooza, alivinunua yeye, akala mbele ya mwenye meza, akitafuna polepole. Nyanya za Kalerwe zilinenepa kwa aibu.

Juu ya Rabi, kwa mambo ya nyumba, alikuwepo Mwenyekiti wa jumuiya. Rabi alishika roho zetu, Mwenyekiti alishika funguo. Alikuwa na nyumba za kupangisha mtaa wa Kisugu na sauti ya kuita meli. Yeye hakujua vidokezo. "Wewe Wafula! Hiki kiti kinatazama wapi?"

Ijumaa moja pale Kalerwe tulimkuta Mama Akello, muuza simsim, yaani ufuta, amesinzia ameketi. Alikuwa mjane wa polisi kutoka kaskazini, na Rabi alimpenda kwa sababu waliongea Kiswahili cha kambi.

"Mama, leo umelala kazini?"

"Afande Rabi, mimi nalala wapi? Mwenye nyumba ameng'oa mulango yangu. Anataka jenga ghorofa, anasema mimi toka. Kodi nimelipa. Sasa mulango hakuna, watoto wasichana wako ndani, mimi nakaa hapo kwa nafasi ya mulango na mchi mukononi. Kama sentri."

Kung'oa mlango ilikuwa mbinu ya wenye nyumba: mwenyewe hakufukuzi, anaacha barabara ikufukuze.

"Ni nani huyo?" Rabi akauliza.

Alipomtaja, Rabi aliacha kutafuna simsim aliyokuwa akiionja. Alikuwa Mwenyekiti wetu.

"Mama," akasema mwishowe, "kesho asubuhi chumba chetu cha sala kitakuwa wazi. Ghorofani, juu ya vitambaa."

Nilikisikia kidokezo kile. Naye Mama Akello alikisikia, bila shule ya usiku.

Lazima niwaeleze sheria mbili. Kitabu chao kitakatifu, ambacho ni gombo la ngozi, hakisomwi hadharani mpaka watu wazima kumi wapatikane. Na kuna desturi ya kale: aliyedhulumiwa anaweza kusimama kabla gombo halijatolewa, na halitatolewa mpaka asikilizwe. Desturi hiyo ilikuwa ya wao kwa wao. Sabato ile walikuwa kumi kamili, na wa kumi alikuwa Mwenyekiti.

Mama Akello aliingia na mchi wake, akasimama mbele ya kabati la gombo.

"Mulango yangu iko wapi?"

Mwenyekiti akanyanyuka. "Banange, jamani! Huyu si mtu wetu. Desturi haimhusu."

"Yeye si wetu," Rabi akajibu. "Mlango uliong'olewa je, si wako?"

"Nikitoka hapa mnabaki tisa. Hakuna kusoma!"

"Toka, Mwenyekiti. Tutakaa tisa. Gombo limesubiri miaka maelfu, litasubiri na mlango."

Rabi akaketi sakafuni. Mmoja mmoja wakaketi wote, hata mzee wa nguzo. Mwenyekiti ndiye aliyelipia chumba kile. Akikasirika, sote tungekuwa barabarani, Rabi, gombo na mimi. Na Mama Akello angerudi kwenye nafasi yake na mchi.

Mwenyekiti alifika mlangoni, akashika kitasa. Akakiangalia kitasa kile muda mrefu kuliko hotuba zake zote.

"Leo ni Sabato," akasema, sauti imeshuka. "Siwezi kubeba mlango. Siwezi kupigilia msumari. Hata nikitaka."

"Hakuna anayekuomba," Rabi akasema.

Hapo Mwenyekiti, mtu wa kuita meli, akatazama dari. "Wafula," akasema, "stoo yangu ya Kisugu... haina kufuli."

"Kweli, Mwenyekiti?"

"Mlango uko ndani. Bawaba zake ziko juu yake. Naongea tu."

Sijawahi kusikia kidokezo kizuri hivyo. Nilishuka ngazi kabla hajafunga mdomo, Mama Akello nyuma yangu anapiga vigelegele, na nyuma yetu nikasikia kabati la gombo likifunguliwa na watu kumi wakianza kuimba.

Mlango ule ulikuwa mzito kama dhambi za mji mzima. Niliubeba kichwani, nikaupigilia kwa mikono yangu. Nikarudi nyuma kuutazama: nimeuweka juu chini. Kitasa kilichopaswa kuwa kifuani kiko karibu na goti.

"Nitaugeuza, mama."

"Wacha, wacha! Inafunga?"

"Inafunga."

"Basi. Hata mutoto wangu mudogo anafikia." Akaingia, akafunga, na kwa ndani nikasikia mtu akijitupa kitandani. Alilala palepale, mchana mweupe, kwa mkoromo wa kutikisa Kisugu yote. Nikakaa nje nikacheka mpaka machozi.

Sabato ilipokwisha, Mwenyekiti na Rabi waliongea, na ghorofa ikajengwa kiwanja kingine. Watoto wa Mama Akello walimalizia shule mle mle, sasa wajukuu wanaanza. Rabi amerudi milimani kwake kupumzika. Nami nimestaafu, napanga chumba jirani na Mama Akello, na nyumba ni za nani? Za Mwenyekiti, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo.

Wiki iliyopita alikuja kutusalimu. Akafika kwa Mama Akello, akainama, akapapasa, akakipata kitasa kule gotini.

"Wafula," akasema akihema, "mlango huu umekaa vibaya."

"Kweli, Mwenyekiti."

"Vibaya sana."

"Sana, Mwenyekiti. Kama tumbo la kiboko."

Akanitazama. Nikatabasamu. Mimi nimestaafu.