Velveti ya Wifi

Alhamisi, mwishoni mwa Agosti. Jua kali, na upepo wa vumbi unapiga mji wa Same tangu asubuhi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameshuka kutoka Chome, milimani, kuchukua gauni nililomshonea. Keshokutwa ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Gauni ni la velveti, rangi ya damu ya mzee. Akalivaa, akatoka nje kwenye kioo nilichoegemeza ukutani, akajigeuza huku na huku, akauliza:

"Wifi, kitambaa changu umekipeleka wapi?"

Nikatazama. Upande wa kulia umekolea vizuri, wa kushoto umepauka na unang'aa kama umepakwa mafuta. Kwa haki kabisa, mpita njia yeyote angesema ni vitambaa viwili.

"Ni kilekile, wifi."

"Mimi kipofu? Umemkatia mteja wako, mimi ukanibandikia makombo. Wizi mpaka ndani ya ukoo!"

Nilikasirika. Lakini nikajishuku pia: huenda nilichanganya. Nikamwaga kapu lote la vipande mbele yake. Velveti nyingine haikuwemo. Yeye alikuwa ameshampigia simu mama mkwe wangu, anaongea Kipare kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba nimemwibia.

Nikapitisha kiganja upande uliopauka, kutoka chini kwenda juu. Mkono ulipopita pakakolea. Nikauteremsha upande wa pili, pakapauka. Nikainama karibu: velveti ina vinyweleo vidogo mno, kama nyasi zilizolalia upande mmoja. Vikilala kuelekea chini, nadhani, mwanga unateleza juu yake na kurudi machoni. Vikikuelekezea ncha, mwanga unazama katikati na hautoki. Mimi niliishia la saba, labda wasomi wanaeleza vingine. Ila nilielewa nilichofanya. Kitambaa alichonunua kilikuwa kidogo, nikageuza kipande kimoja kichwa chini ili kitoshe, kama ninavyofanya kwenye sare za shule.

Nikamweleza. Akajaribu kwa mkono wake mwenyewe, akarudia.

"Basi si mwizi," akasema. "Hujui kushona."

Hilo sikulibishia.

"Mpigie mama, umwambie sikukuibia," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba vinyweleo vimelala? Utamwambia mwenyewe Jumamosi, mbele ya ukoo."

Gari la Chome lilikuwa limeondoka, ikabidi alale kwetu. Jioni tulikula makande. Nilimpakulia yeye kwanza. Alikula akiwa amenipa mgongo, na chumvi akaiomba kwa mume wangu.