Shimo la Mchampaka

Mama yangu alikubali kuhama Mikindani kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa mti. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umepasuka kuanzia juu ya dirisha hadi sakafuni, ufa wa kupitisha kiganja, na mvua ikinyesha mawe yale ya zamani yalimwaga chokaa juu ya chandarua. Fundi niliyempeleka autazame hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni akasema huyu bibi alale kwingine. Mimi nafanya kazi bandarini, nina nyumba mjini Likombe, chumba cha Mama nilishakipaka rangi, choo nimemjengea cha ndani asiwe anatoka na mvua. Akanisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema, "Nitakuja. Mchampaka wangu ukishashika kwako, siku hiyo hiyo nakuja."

Nikajisemea, ni hilo tu? Jamani. Sikujua nilichokuwa naitikia.

Mti wenyewe uko uani, karibu na kisima. Maua yake ni ya rangi ya chungwa, membamba, yamejificha kwenye majani hata huyaoni, lakini ukipita barabarani harufu inakushika. Alhamisi jioni wanawake wanakuja kuomba ya kuweka kwenye nywele na nguoni. Mwenye harusi anakuja, mwenye kufunga vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa kifuani, anakuja, aliyegombana na mumewe naye anakuja. Mama hauzi, anagawa. Utotoni nilizichukia hodi zile, maana mimi ndiye niliyepandishwa juu kuchuma, na mchampaka una siafu wasiojua kama wewe ni mtoto wa mwenye mti.

Basi, nikaanza kazi. Chini ya mti kulikuwa na miche imejiotea yenyewe. Nikachagua ulionenepa, wenye majani ya kung'aa, nikauchimba na udongo wake Mama akiwa amesimama pembeni ananitazama. Likombe nilishachimba shimo, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chake, ili asubuhi akifungua tu harufu imwingie. Nikaupanda, nikaufunika na makuti juani, nikaumwagilia kiangazi kizima maji ya kununua. Mbuzi wa jirani alipanda kifusi alichoacha fundi wa choo, akaruka ukuta akaula kichwa, nikakesha na moyo wangu kama nina mgonjwa. Ukachipua. Ukanifika kiunoni. Kila nikienda Mikindani nampa Mama habari zake, naye anasema, "Alhamdulillahi, uendelee kuutunza."

Siku moja jirani yangu, mwalimu wa biolojia aliyehamia kutoka Mbeya, alikuja kunywa chai uani. Akauangalia ule mti, akaweka kikombe chini. "Dada, mwashoki huu umeupanda wa nini hapa nyuma?"

"Mwashoki? Huu ni mchampaka wa mama yangu."

Akainuka, akakishika kitawi. Akaniambia mchampaka ni jamii ya magnolia, na miti ya jamii hiyo haifichi ukoo wake: kila jani linapotokea hubaki alama inayozunguka kitawi kizima, kama pete kidoleni. Akapitisha ukucha. Hapakuwa na pete. Akanionyesha kingo za majani zilivyojikunjakunja. "Hii ndiyo ile miti mirefu ya kwenye uzio wa ofisi," akasema, kwa upole kabisa, na upole wenyewe ukanizidishia uchungu.

Sikukubali hivi hivi. Nikaupiga picha, nikauliza simu. Simu ikaniletea majina matatu, moja ni mwembe. Nikakata kitawi, nikapanda bajaji hadi Mikindani nikamwekea Mama mapajani.

"Mwashoki huu," akasema kabla hata hajavaa miwani. "Popo wanaleta mbegu zake hapa."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile unauchimba."

"Sasa Mama, mbona hukusema?"

"Nilidhani unataka kivuli."

Kivuli! Wallahi nilitoka nje nikaenda kusimama kisimani, maana ningebaki mle ndani ningesema neno. Maji yote yale nimeutilia mti wa uzio wa ofisi. Na ule ufa ukutani sasa ulikuwa unapitisha mkono hadi kwenye kiwiko.

Niliporudi Likombe nikaung'oa, shimo nikaliacha wazi. Habari zikafika kijijini Ziwani kwa mume wa mdogo wangu, mkulima wa korosho. Huku kwetu mtu akishabebesha mikorosho yake, yaani akachukua kikonyo cha mti mzuri akakiunga kwenye mche mwingine kikashika, basi hakuna mti duniani anaouogopa. Akaja na wembe, kamba za nailoni na mdomo. "Shemeji, unahangaika na mbegu za nini? Kubebesha tu. Kwa mkono huu, hata mnazi nitabebesha." Vikonyo alishapitia kuvikata Mikindani, vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kilichokosekana ni mti wa kuvibeba. Akazungusha macho uani kwangu, yakatua kwenye mstafeli.

"Huo hapana," nikasema. "Una matunda."

"Shemeji, tazama majani. Si yale yale? Hawa ni ndugu."

Nikageuka kuinua chungu jikoni. Niliporudi, mstafeli wangu ulikuwa umekatwa kiunoni na yeye amechutama anafunga nailoni, anapiga mluzi. Kuhakikisha wadudu hawasogei, akaumwagia salfa ya unga, dawa ya mikorosho iliyobaki shambani. Shuka zangu zilikuwa kwenye kamba. Tulilalia harufu ya salfa hadi nikazichoka. Vile vikonyo vikawa vyeusi, vikakauka, vikaanguka kimoja kimoja. Nilipompigia akanijibu, "Mti wenyewe una kiburi, shemeji. Siyo mimi." Stafeli tangu siku hiyo nanunua sokoni.

Mwalimu ndiye aliyeniambia tujaribu kulifanya tawi litoe mizizi likiwa bado juu ya mama yake. Unalimenya tawi gome kulizunguka, pale penye kidonda unafunga makumbi ya nazi yaliyolowa pamoja na udongo, unazungushia nailoni, unakaza juu na chini, unasubiri. Masika yalikuwa yameanza. Nikapanda mwenyewe na nyonga zangu hizi, umri wangu huu, Mama yuko chini ameshika ngazi anaamrisha. "Siyo hilo! Hilo ndilo linalotangulia kuchanua. Sogea. We mtoto, angalia mguu." Siafu wakanikumbuka.

Nilikwenda Mikindani kila nilipopata nafasi, nauminya ule mfuko kwa vidole. Halafu Ijumaa moja nikaiona, mizizi myeupe imegusa nailoni kwa ndani. Nilicheka peke yangu juu ya ngazi. Tukakubaliana kesho yake nikate tawi, nilitie kwenye kiriba cha miche, nimchukue yeye na mti wake pamoja. Usiku ule nikaagiza gari dogo la mizigo, nikatandika kitanda chake kwa shuka mpya.

Kufika Jumamosi, tawi halipo. Limekatwa vizuri, kwa msumeno. Nikapiga kelele ya mwizi.

"Hakuna mwizi," Mama akasema kutoka jikoni. "Jana baada ya wewe kuondoka alikuja mama mmoja wa Msimbati, anaoza binti yake. Maua hakuna, mvua imeyamwaga yote. Sasa atoke Msimbati kote huko, nimrudishe mikono mitupu? Nikampa mti."

"Mti gani?"

"Ule uliofungwa."

Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti maishani mwangu, na Mungu anisamehe, siku ile niliipandisha. Nikamwambia anataka ule ukuta umwangukie ndipo aridhike. Nikamwambia nimechoka, nimeumwa na siafu, nimelala na salfa, nimeaibika kwa watu na mwashoki wangu, na yeye kumbe ananichezea tu. Nikamwambia kama hataki kuishi na mimi aseme, nijue. Dereva wa gari akarudi garini akafunga kioo.

Mama akaacha kupepea moto. "Shimo umechimba wapi?"

"Nimeshakwambia. Nyuma, chini ya dirisha lako. Upate harufu."

"Ndani ya ukuta ule uliotiwa vipande vya chupa."

"Ndiyo."

"Na geti linafungwa."

"Linafungwa muda wote, Mama. Kuna wezi."

"Harufu nimeivuta toka nimeolewa, inanitosha," akasema. "Hapa mtu akipiga hodi ananitafuta mimi. Kwako watapiga hodi wakikutafuta wewe, na mimi nitakuwa ndani, nalala pazuri."

Nikalia. Nililia kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa ya kwamba alikuwa ameyabeba maneno haya muda wote ule, ananiacha nimwagilie mwashoki. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilishapaka rangi, nilishajenga choo, angesemaje?

Jumapili nikalifukia lile shimo la nyuma. Nikachimba lingine nje ya ukuta, kando ya geti, upande wa barabara, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angeniambia mti utaibwa, utavunjwa na watoto wa shule au utaliwa na mbuzi. Mume wangu aliniambia yote matatu. Nikamwambia anyamaze anisaidie kubeba mbolea. Kisha nikarudi juu ya mti wa Mama nikafunga matawi mengine mawili, nikamwapia kwamba akiligawa hata moja nitamhamisha kwa nguvu, nimbebe mgongoni mchana kweupe watu wanaona. Akasema, "Sawa, mwanangu," kwa namna yake ile ya kusema sawa, nami sikulala vizuri hadi siku nilipoyakata kwa mkono wangu. Moja tukalipanda Likombe. La pili aligawa, bila shaka.

Mti uliposhika, alikuja kweli, na kinu chake na koleo la bibi yake. Nyumba ya Mikindani tuliifunga. Masika yaliyofuata ule ukuta ulianguka kwa ndani, adhuhuri, ukalala wote juu ya kitanda cha kamba tulichokiacha. Nilipomwambia, Mama aliuliza kama mawe yamefika kisimani. Nikamwambia mchampaka haukuguswa. Akaendelea kula.

Sasa kila jioni anatoa kiti nje ya geti langu, anakaa karibu na mti wake. Haujachanua, urefu haujamfikia begani, umezungushiwa miiba na wavu wa kuku, na ni juzi tu nimemfukuza mbuzi. Nilikuwa nafagia ndani ya geti nikasikia mwanamke anapita na ndoo, sauti nisiyoijua, akasimama.

"Shikamoo, bibi. Mti gani huu unauchunga hivi?"

"Marahaba. Mchampaka. Tazama pete zake hizi, usije ukadanganywa na mwashoki." Nikasaga meno. "Una binti?"

"Ninaye. Bado mdogo."

"Basi watakua pamoja, yeye na mti. Ukichanua, uje uchukue maua."

"Nitashukuru, bibi. Nikija nimuulizie nani? Hapa si kwa yule dada wa bandarini?"

Nikaacha kufagia. Nyumba hii bado nakatwa mkopo wake kwenye mshahara. Geti ni langu, ukuta ni wangu, na ile ndoo ya kumwagilia ninaibeba mimi.

"Yule ni binti yangu, anakaa na mimi," Mama akasema. "Wewe uje kwangu."