Hodi kwenye Boneti

Enzi zetu kule Bigwa, gari halikuwashwa kwa kubonyeza kitufe huku dereva akichezea simu. Gari liliamshwa, tena na ukoo mzima. Baba alikuwa na pikapu ya kupeleka kabichi na karoti sokoni mjini. Kila jioni aliiegesha pua ikitazama bondeni, jiwe mbele ya tairi, kwa sababu betri ilikuwa pambo tu. Asubuhi, ukungu wa milima ya Uluguru bado umelala barabarani, mimi nilitoa jiwe, kaka zangu wakasukuma, nayo ikateremka ikikohoa hadi ikakubali. Tangi la mafuta likivuja, tuliliziba kwa sabuni ya mche. Mama alizoea kusema, "Hili gari lenu linakula kuliko watoto."

Aliyelifaidi kweli ni Chausiku, paka wetu mweusi. Baba akirudi jioni, paka alipenya chini ya boneti na kujilalia juu ya injini yenye joto. Baba alimfukuza kila siku kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Asubuhi moja Chausiku aliamka mguu umevimba kwa kung'atwa na mbwa, hali wala hanywi. Niliona kabisa anakufa. Nililia mpaka baba akakubali, shingo upande, tumpitishe kwa bwana mifugo. Tukamfungia kwenye tenga la kuku, tukalipakia nyuma kati ya kabichi. Nilipoinama kutoa jiwe, kaka akasema tenga liko tupu. Tukamtafuta uvunguni, jikoni, mpaka darini. Baba akachoka, wateja sokoni hawamngoji paka. Akaingia garini.

"Toa jiwe, binti."

Nikalikalia. Sikuwahi kumkatalia baba jambo lolote, na nilijua fimbo inakuja. Akashuka kwa hasira, lakini alipofika mbele ya gari akasimama. Kulikuwa na sauti nyembamba ndani ya boneti. Akaifungua, na Chausiku huyo, amejibana pembeni mwa feni. Baba akavua koti lake, akamfunika, akanipa nimpakate.

"Ingekuwaje, mwanangu," alisema taratibu.

Bwana mifugo, aliyezoea ng'ombe, alicheka sana. "Mzee, siku hizi na paka tunawachoma sindano?"

Baba hakutabasamu. "Huyu ni fundi wangu. Bila yeye panya wangeshamaliza nyaya zote."

Chausiku akapona, akabaki anachechemea kwa maringo. Tangu siku ile baba hakuwasha gari kabla ya kugonga boneti na kusema, "Hodi." Akisikia kimya, ndipo aliponiambia nitoe jiwe.

Siku hizi nina gari la kitufe. Paka wetu analala kwenye sofa, huenda kwa daktari kwa bajaji, ndani ya kikapu chenye mlango, na wanangu humpiga picha akichomwa sindano. Gari likigoma, wao hukaa kivulini wakimsubiri fundi. Kusukuma hawajui, na ukiwaonyesha sabuni ya mche watakuuliza ni ya kuoshea nini.

Hata hivyo kila asubuhi nagonga boneti. Wananicheka, "Mama, humo hamna mtu." Nawajibu kwamba najua. Chausiku hayupo, na baba hayupo, nami namkumbuka sana. Lakini mkono wangu haujakubali kuwasha gari bila kubisha hodi kwanza.