Bawa Tulilolichora Misiera

Siku ya kwanza nilipoingia kazini Mbarara, nilikuwa na rula ya chuma mfukoni mwa shati na viatu vya kuazima. Huko Uvira, Kongo, nilikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, kazi ya kalamu na wino, mpaka vita viliponileta na familia yangu makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikawa mkulima wa maharage. Sasa kituo kimoja cha utafiti kule Biharwe, ndani ya jengo lililowahi kuwa ghala la mahindi, kilikuwa kinatafuta mtu wa kuchora sehemu za ndege ndogo zisizo na rubani. Mimi hata ndege yenye rubani sikuwahi kuipanda.

Mkuu wa Utafiti alikuwa mhandisi wa kike, binti wa sajini, aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke. Ndiyo maana Kiswahili kilikuwa chepesi kinywani mwake, kile cha kambini kisichozunguka. Aliitazama rula yangu, akanivutia kiti mbele ya kompyuta.

"Mzee, hiyo rula weka pale. Hapa unaambia kompyuta urefu, yenyewe inachora."

"Na nikikosea?"

"Unafuta, unarudia. Hakuna mtu atakupiga."

Enyi vijana mliozaliwa na simu mkononi hamwezi kujua nilivyosikia raha siku hiyo. Zamani tukikosea mstari tulikwangua wino kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Kwenye kompyuta niliweza kukigeuza kitu na kukitazama pande zote kabla hakijatengenezwa, na nikibadili kipimo kimoja, sehemu zote zinazokitegemea zinabadilika pamoja nacho. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwa simu kwamba nimechora boliti, nikaizungusha hewani. Aliniuliza kama nimekula.

Mkuu wa Utafiti ndiye aliyenifundisha bawa. Ukilikata bawa kama unavyokata mkate, alisema, utaona mgongo wake umejipinda na tumbo lake limenyooka kidogo. Umbo hilo, pamoja na jinsi bawa linavyoinamishwa kupokea upepo, ndilo linaloifanya hewa iinue ndege. Mabawa yetu tuliyapima ndani ya handaki la upepo, yaani sanduku refu la mbao lenye feni kubwa upande mmoja na kioo ubavuni. Tulibandika vipande vya uzi wa cherehani juu ya bawa, kisha tukawasha feni. Uzi ukilala umetulia, hewa inapita vizuri. Ukianza kurukaruka, hewa imeachana na bawa, na ndege ya kweli ingekuwa njiani kuanguka. Nilipenda kazi ile kuliko zote. Tulisimama mbele ya kioo watu wazima tukishangilia uzi.

Baada ya miaka kadhaa, Mkurugenzi wa kituo, bwana mrefu wa maneno machache, aliniita ofisini kwake.

"Mwalimu," alisema, nami nikageuka kutazama ni nani aliyeingia nyuma yangu. "Unaenda Nakivale kufundisha kuchora kwa kompyuta. Wanafunzi wako watuchoree bawa la ndege ya kubeba damu ya vipimo, kutoka zahanati za mbali mpaka maabara. Likiruka vizuri, darasa linaendelea. Lisiporuka, kompyuta zinarudi huku."

Darasa lilikuwa Misiera, mtaa mmoja wa Nakivale, chumba kimoja katikati ya duka la vitenge na kinyozi, umeme wa jua juu ya mabati. Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Espérance, mama wa Kirundi aliyeuza mawese asubuhi na kuja darasani mchana mikono ikinukia sabuni. Yeye na wenzake walichora bawa refu, jembamba, zuri kulitazama. Tulilipeleka Biharwe kwenye handaki la upepo. Uzi wa katikati ulitulia, ule wa kwenye ncha ukacheza kama umepandwa na wazimu.

"Mbaya hiyo," alisema Mkuu wa Utafiti. "Ncha zikishindwa kwanza, ndege inapinduka. Pindisheni ncha kidogo, ukingo wake wa mbele uangalie chini."

Espérance alirudi mezani, akachora upya, akachora tena. Tulipowasha feni mara nyingine, uzi wote ulilala. Alinikumbatia mbele ya wakubwa wangu bila kuomba ruhusa.

Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa bado. Tulifanya mkutano na wakazi kuwaeleza kuhusu ndege, tukiwa tumeiweka mezani, na Mama Nabintu, mzee wa kanisa kutoka Kivu ya Kusini kama mimi, akasimama na kusema kwa Kiswahili cha kwetu.

"Mwalimu, kule kwetu ndege ikilia tulikimbilia mu migomba. Bantu mingi balikufa. Mi sitaki ile sauti hapa, fasi hii."

Migomba ile niliijua, na habari za uzi na feni nikaziacha. Espérance ndiye aliyeinuka, akaibeba ndege na kuiweka magotini pa yule mama.

"Shika, mama. Bomu hakuna. Nimeichora mimi."

Mama Nabintu aliipapasa, akaitikisa, akashangaa wepesi wake. "Itabeba nini?"

"Damu ya watoto wenye homa, majibu yarudi upesi."

Aliigeuza tena. "Basi muipake rangi ya manjano, tuijue toka mbali. Mutuambie siku inapita. Na ile sauti, muipunguze."

Mkurugenzi alikubali yote matatu, ingawa la mwisho lilitugharimu jasho. Panga, ile feni inayoivuta ndege, likiwa dogo na kuzunguka kwa kasi hupiga kelele, kubwa linalozunguka taratibu hutulia, kwa hiyo darasa zima likarudi kwenye kompyuta kuchora panga jipya.

Asubuhi ya kuirusha, watu walijaa uwanjani na Mama Nabintu akaketi mbele kabisa. Ndege iliondoka ikivuma kama nyuki, manjano juu ya mabati yetu. Nilimtazama yeye, sikuitazama ndege. Alishika ukingo wa benchi kwa nguvu, akabaki pale pale. Ilipozunguka na kurudi, alisimama na kupiga vigelegele.

"Kale ni ketu!" alipaza sauti. "Kandege ketu!" Yaani, kindege chetu.

Mkurugenzi, aliyekuwa kando yangu, alisafisha miwani yake. "Kompyuta zitabaki," akasema.

Sasa nimestaafu. Nimerudi kwenye maharage yangu, na vijana wakiniuliza kazi ile ilitaka nini, nawaambia inataka hesabu, inataka subira, na inataka uende kukaa na watu watakaoishi chini ya kile unachokirusha. Espérance ndiye mchoraji mkuu kule Biharwe siku hizi. Juzi alinitumia mchoro wa bawa jipya, akaniomba niukague kabla haujaenda karakana. Nilivaa miwani, nikatafuta kosa tangu chai ya asubuhi hadi mke wangu alipoita chakula. Halikuwepo. Nilicheka peke yangu mpaka akatoka jikoni kuniuliza kuna nini, nikamvuta akae karibu, nikaanza kumwonyesha mstari mmoja mmoja.