Kitambaa cha Kumi Mbele ya Mama Mkwe

Sasa nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia na buti zangu za chumba cha upasuaji.

Kazi yangu ni kumpa daktari vifaa, na kabla kidonda hakijashonwa, kuhesabu kwa sauti vitambaa vya kufutia damu, kisibaki hata kimoja tumboni mwa mtu. Asubuhi hiyo nikaona kwenye orodha jina la mama mkwe wangu wa Amukura, upasuaji wa ngiri. Kwetu mtu na mama mkwe hata mkono hawapeani (sembuse hayo!), na ningemwambia tu Sista Nekesa, msimamizi wetu, anibadilishe na mwenzangu, lakini nikajiambia, si atalala usingizi, nami nimevaa barakoa, nani atajua?

Kumbe daktari akaamua kumchoma sindano ya mgongo. Kiunoni kwenda chini ni ganzi, kwenda juu mama yuko macho kabisa nyuma ya pazia, anaimba wimbo wa kanisa polepole.

Nikafanya kazi kama bubu. Ilipofika kuhesabu, nikanong'ona.

"Boss, hesabu tusikie!" daktari akasema.

Basi nikatoa sauti nyembamba ya kuazima, moja, mbili, jasho linatiririka, nikaishia tisa. Tulianza na kumi. Nikarudia, tisa. Daktari akaweka sindano chini, kidonda kiko wazi, wimbo ukakatika, Sista Nekesa akapiga magoti kutafuta chini ya meza, na mimi nikaogopa kweli kweli, maana kama kimebaki ndani nimemuumiza mama wa mke wangu kwa sababu ya haya yangu.

Ndipo mama akasema nyuma ya pazia, "Baba Sharon, wewe hesabu na sauti yako. Nilikujua tangu mlangoni, hiyo kutembea yako. Mimi sioni kitu, na wewe hujaona kitu."

Mikono ikanilegea, na kitambaa cha kumi kikaanguka kutoka kiganja changu cha kushoto, nilimokuwa nimekifumbata muda wote huo.

Daktari alicheka mpaka ikabidi angoje mkono utulie ndipo ashone.

Mama alipona vizuri. Nami nimeapa, jina la mkwe likitokea tena kwenye orodha nitasema kabla sijanawa mikono. Lakini nimechelewa, kwa sababu tukienda Amukura kula, mama anakaa chumba cha pili kama desturi inavyotaka, na sahani zikiondolewa tu namsikia akimwambia mke wangu, "Mwambie Baba Sharon ahesabu vijiko kabla hajaenda."