Sina Jibu la Josefu

Wapendwa, mliniomba nisimame niseme Mungu alinitendea nini. Nitasema niliyoyaona. Nisiyoyajua sitayasema, mnisamehe.

Mimi ni Rasoa, Mama Ruthi. Miaka ile ya hamsini mume wangu alikuwa akipasua mbao hapa Elburgon, nami nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Kukitokea msiba, niliitwa mimi. Aliyefiwa na mtoto nilimwambia Mungu anamfundisha jambo. Aliyeugua muda mrefu nilimwambia atafute dhambi aliyoificha. Nilidhani namjua Mungu kama ninavyojua jiko langu.

Asubuhi moja nilikuwa naokota vipande vya mbao vya kuni nyuma ya kiwanda, nikakanyaga msumari wenye kutu. Uliingia ndani sana. Nikauvuta, nikapaka majivu, nikafunga kitambaa, nikaenda kupika. Kidonda kikakauka juu. Ndani kilikuwa kinaoza.

Baada ya kama wiki moja, nikiwa nakula ugali, taya likakataa kufunguka. Nikadhani ni jino. Kufika jioni shingo ilikuwa ngumu, na mate nayameza kwa shida. Kesho yake mgongo ukajipinda kwa nyuma, nikawa nagusa kitanda kwa visigino na kisogo tu. Nilijiuma ulimi, damu ikajaa mdomoni, na meno hayakuachana niiteme. Akili ilikuwa timamu. Huo ndio ubaya wa pepopunda. Unasikia yote.

Mume wangu alinipakia kwenye lori la mbao hadi hospitali kule Nakuru. Daktari akamwambia, "Umechelewa kumleta. Tutamdunga sindano, tumweke mahali pasipo mwanga wala kelele. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Waliniingizia puani mpira wa kunipitishia maziwa. Nilijikojolea. Mlango ukigongwa tu, mwili wote unakakamaa mpaka pumzi inakatika.

Kwenye kitanda cha pili alilala Tabitha, mke wa Josefu, mfanyakazi wa reli kutoka Longonot. Alijikata na jembe, ugonjwa ukawa ule ule. Meno yake yalikuwa yamefungana kama yangu, lakini aliimba nyimbo za kanisa kwa pua, bila maneno. Josefu aliporuhusiwa kuingia alipiga magoti katikati ya vitanda vyetu, akinong'ona, "Baba, wape uzima hawa wawili." Hakunijua. Aliniombea sawa na mkewe.

Kisha akaja mzee wetu wa kanisa. Akaniinamia, akasema polepole, "Mama Ruthi, chunguza moyo wako. Kuna kitu umemficha Mungu. Kitubu upone."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Niliitafuta dhambi hiyo, ndugu zangu. Nilianzia utotoni. Nikatubu hasira, wivu, hata sukari niliyomwibia mama yangu. Mwili ukakakamaa tena. Nikaanza upya. Mwishowe nikamwambia Mungu moyoni, "Ukitaka kuniua, niue. Lakini niambie kosa langu." Hakuniambia. Hakukuwa na sauti wala ndoto. Nikamchukia. Nasema hivi hapa kanisani kwa sababu ni kweli.

Asubuhi moja Tabitha alikakamaa, asilegee. Wauguzi wakakimbia. Nilisikia pumzi yake ikihangaika, kisha sikusikia kitu. Josefu alipofika alikuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Siku kadhaa baadaye taya langu likaanza kulegea, kijiko kikapita. Nilipoweza kuketi, Josefu akaja kuchukua nguo za mkewe. Alisimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Mama, tuliomba ombi moja. Dawa ilikuwa moja. Kwa nini wewe?"

Majibu ya namna hiyo niliyatoa miaka mingi katika nyumba za watu. Nikatafuta hata moja. Nikasema, "Josefu, sijui."

Akaketi chini, akalia kwa sauti. Nikalia naye. Hatukuomba.

Niliporudi nyumbani, mzee wetu alitangaza kanisani kwamba imani yangu imeniponya. Nikasimama nikisaidiwa na mume wangu. "Mzee, hapana. Mimi nililala pale namchukia Mungu. Aliyekuwa akimwimbia amezikwa."

Namshukuru Mungu kwamba natembea, ingawa bado nachechemea, na nikipiga miayo naogopa. Nawashukuru daktari na wauguzi walionisafisha bila kunikunjia uso. Ukichomwa na msumari, usipake majivu. Osha kidonda, uende hospitali siku hiyo hiyo. Na ukienda kumwona mgonjwa, mbadilishie shuka, mshike mkono. Usimweleze kile Mungu anachowaza.

Mnaniuliza kama bado naomba. Naomba. Kila asubuhi namtajia Mungu jina la Tabitha, halafu nanyamaza, kwa sababu sijui niendelee na neno gani.