Mguu wa Mke Mwenzangu

Nisikilizeni mie, maana watu wa Makoongwe, kisiwani kwetu, wanaisimulia habari hii wanavyotaka wao, na nimechoka kuwasikia.

Mize alikuwa mke mwenzangu. Mie Tatu ndiye niliyeolewa kwanza na marehemu Jaribu, yeye akaja baadaye, na siku alipoletwa nilikataa kula. Ukewenza ni moto, asikudanganyeni mtu. Nyumba zetu zilitazamana, ua mmoja, kisima kimoja, na kwa miaka salamu yetu ilikuwa kukohoa tu.

Mize hakuwa mtu wa kuonewa. Akicheka ulimsikia mpaka pwani. Balaa lake lilikuwa moja, lile donda. Alijikata kwenye mwamba akiokota chaza, juu kidogo ya kifundo cha mguu, tukadhani litapona. Wapi! Akatiwa majani, akatiwa unga wa magome, akapungwa, nalo likawa donda ndugu linalotambaa kila siku. Harufu yake ilinifikia mie upande wa pili wa ua. Watu wakaanza kumtengea kikombe chake peke yake kwenye shughuli. Siku moja Mize akakipokea kile kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akakipiga chini kikavunjika. "Sasa nileteeni cha watu," akasema. Siku ile nilianza kumpenda kidogo, ingawa sikumwambia.

Ikasikika kwamba ng'ambo, Mkoani, kuna madaktari wanafanya utafiti wa dawa ya vidonda sugu. Jaribu akamvusha mkewe kwa boti. Daktari Adriano, kijana wa bara mwenye sauti ya upole, akawaeleza wazi: kila mgonjwa atakuwa na chupa yake yenye nambari. Nyengine zina dawa mpya, nyengine zina ile ya siku zote, na hata yeye hajui ipi ni ipi mpaka utafiti uishe. Kila wiki mguu utaoshwa, utapimwa, utapigwa picha na kufungwa upya. Anayekosa mara mbili anaondolewa. "Na donda hili likiachwa," akasema, "litafika mfupani, na hapo tutazungumza habari ya kukata."

Mize alirudi amechangamka. "Yangu ni dawa mpya," akanitangazia. "Inawasha kwa heshima."

Lakini nataka mjue jambo hili. Siku zile Jaribu alikuwa akimsubiri mkewe kwenye benchi la kliniki, anasugua kifua chake, na madaktari wanapita mbele yake. Hakusema neno. Nyumbani alisema ni kiungulia. Ngwali, ndugu yake, akamchemshia chai ya tangawizi akamwambia avute subira. Tulimsihi aende akapimwe, mie na Mize, kwa mara ya kwanza tukiwa na neno moja. Akatwambia mwanamume hapelekwi hospitali kwa kiungulia. Alikufa baada ya sala ya alfajiri, msala wake bado haujakunjwa.

Tukakaa eda, wajane wawili, kila mmoja ndani mwake. Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kutoka. Siku ya kliniki ilipofika Mize akajifunga ushungi. Ngwali akaja na kiti, akakaa kwenye mlango wa ua.

"Unakwenda wapi, shemegi?"

"Kufungwa mguu."

"Na eda?"

"Eda naijua. Na mguu ni wangu."

"Kaka yangu hata udongo wake haujakauka, mkewe apande boti na wanaume? Akapigwe picha, mguu uende Ulaya? Subira yavuta heri, Mize."

Mize akapandisha sauti mpaka majirani wote wakamsikia. "Subira imemzika kaka yako. Mie hainiziki!"

Maneno makali, najua. Wanawake walishika midomo. Ngwali hakuondoka pale kitini, na Hamad, mwenye boti, alikwishaonywa asimchukue. Mize akakosa kliniki. Bandeji ikakaa wiki nzima bila kubadilishwa, harufu ikarudi. Nikamkuta jikoni kwake ameuma pindo la kanga ili asilie. Hasira yangu mnaijua ninyi. Nikamtuma mtu aniitie Shehe Hija wa msikitini.

Alipofika nikamuuliza nikiwa nyuma ya pazia. "Shehe, mwenye eda akiwa na donda linalooza, sharia inasemaje?"

"Matibabu ni haja, Bi Tatu. Mchana atoke, magharibi imkute ndani."

"Na kwenye boti hawezi kusimama peke yake. Wanawake wa hapa wote wanamuogopa Ngwali. Wa kumshika nimebaki mie, na mie nina eda."

Shehe akalisogelea pazia. "Weye ndiye unayetaka kumshika Mize?"

"Dunia ina mambo, Shehe."

Nikamsikia anacheka ndevuni. "Basi mshike. Haja yake imekuwa haja yako."

Wiki iliyofuata tukatoka. Ngwali yuko na kiti chake. Nikamwambia aliyeruhusu ni Shehe Hija, kama ana elimu zaidi akamfunze yeye. Tukampita. Pwani, Hamad akaanza kujikuna kichwa. "Mama zangu, Mzee Ngwali kasema..."

"Mashine hii kakununulia Ngwali?"

"Hapana, Bi Tatu."

"Basi iwashe!"

Wanaume botini wakageuza nyuso. Mize akanyoosha mguu wake wenye bandeji katikati yao. "Mwenye kuona haya afumbe macho," akasema. Nikamshika kiunoni, mke mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu alipoingia ua ule, na tukavuka.

Daktari Adriano alipokuwa akimsafisha, Mize akamuuliza ni kitu gani kilichomuua mume wetu. Akatueleza taratibu, kwa yale tuliyomsimulia. Mshipa unaopeleka damu kwenye nyama ya moyo ukiziba, seli za moyo huanza kufa, kidogo kidogo, na mwenyewe anaweza kudhani ni kiungulia. Akiwahi, mshipa huzibuliwa na nyingi zikaokolewa. Nyengine hufa hata damu ikisharudi, na wataalamu bado wanatafuta kwa nini. Zilizokufa, moyo hauzioteshi tena.

"Ngozi ni tofauti," akasema, macho yake kwenye lile donda. "Ngozi ikipewa nafasi, huota."

Mize akalitazama benchi pale nje. "Kumbe naye alikuwa na donda lake," akasema. "Kalikalia pale pale." Kisha akamgeukia daktari. "Basi mie Mungu kanipa inayoota, nikaiozeshe ndani kwa sababu ya Ngwali? Hasha! Funga, Daktari. Funga sawasawa."

Mie ndiye niliyelia. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, maana benchi lile na mlango wa daktari ni hatua chache tu.

Hatukukosa tena. Walitupa jina, "wajane wa boti", watoto wakaliimba. Magharibi ilitukuta ndani kila siku, nendeni mkamuulize Shehe. Na donda likaanza kuota nyama nyekundu, kisha ngozi ikaja ikitambaa kutoka pembeni, polepole, mpaka likafumba. Tulipotoka eda, Mize aliogeshwa akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.

Utafiti ulipokwisha, Daktari Adriano akatuita. Nambari zimefunguliwa, akasema. Chupa ya Mize haikuwa na dawa mpya. Ilikuwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya kuoshea vidonda siku zote.

Nikaruka kitini. "Ebo! Tumetukanwa kisiwa kizima kwa maji ya chumvi? Tunavuka bahari yote ile kuja kuoshwa maji ya chumvi?"

Mize akaangua kicheko chake kile cha zamani. Daktari naye akashindwa kujizuia. Akatwambia kuosha vizuri, kufunga kwa kubana na kuja bila kukosa nayo ni tiba, na bila ya watu kama Mize wasingejua dawa mpya imezidi nini.

Habari ilitutangulia nyumbani. Ngwali alikuwa barazani, anacheka mpaka kofia inamtikisika. "Si nilisema? Dawa yenyewe hakupewa!"

Mize akasimama mbele yake, akapandisha kanga kidogo, likaonekana lile kovu.

"Shemegi, kaka yako alipewa chai ya tangawizi, akaambiwa akae. Mie nimepewa maji ya chumvi, nikaenda. Haya, niambie, nani yuko hapa?"

 Mkono wa Ngwali ulikuwa kifuani, unasugua, na nadhani hata mwenyewe hakujua kwamba unasugua. Mize akauona. Nami nikauona.

"Inuka," Mize akamwambia. "Hamad hajafunga boti."

Akaanza kusema ni kiungulia. Hatukumuacha amalize. Tulimshika huku na huku, wajane wa boti, tukateremka naye pwani, na kliniki hatukumruhusu akae kwenye lile benchi.